Mwili wa Mtu na Asili Yake Katika Wanyama wa Kale

Mkono wa mtu una mfupa mmoja kutoka begani hadi kiwikoni, miwili kutoka kiwikoni hadi kwenye kifundo, kisha vijifupa vingi vya kifundo, halafu vidole. Mguu umepangwa hivyo hivyo: mfupa mmoja wa paja, miwili chini ya goti, vijifupa vya kifundo, vidole. Mpango huo umo katika bawa la popo, pezi la nyangumi, mguu wa mbele wa punda na mkono wa fuko anayechimba ardhi. Punda amebakiwa na kidole kimoja kilichogeuka kwato, na nyangumi hana haja ya kukunja kiwiko, lakini mifupa ipo na mpangilio ni ule ule. Mwaka 1849 Mwingereza Richard Owen, bingwa wa anatomia wa zama zake, alitoa kitabu kizima juu ya jambo hili. Aliueleza mpango wenyewe vizuri sana, ila hakusema umetoka wapi kwa namna ya kuridhisha. Miaka kumi baadaye Charles Darwin alitoa jibu: wanyama hao wameurithi kutoka kwa mhenga mmoja, na kila ukoo umeurekebisha kwa matumizi yake.

Jibu hilo limepimwa kwa zaidi ya miaka 160, kwanza kwa visukuku na uchunguzi wa viinitete, na siku hizi kwa jeni, na limesimama. La kushika tangu mwanzo ni kwamba mageuko ya viumbe hayaundi kiungo kipya kutoka patupu. Hufanya kazi na kilichopo, kizazi baada ya kizazi, na katika kila kizazi mnyama hana budi kupumua, kula na kuzaa. Hakuna nafasi ya kubomoa na kuanza upya. Ndiyo sababu mwili wa mtu, pamoja na uhodari wake wote, una njia za mzunguko na sehemu dhaifu, na baadhi ya maradhi yanayojaza zahanati kila siku yana mizizi katika wanyama walioishi mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita.

Liko kosa moja linalorudiwa sana, hata darasani, nalo ni kudhani kwamba sayansi inasema mtu alitokana na sokwe wa leo. Haisemi hivyo. Sokwe mtu wa Gombe na binadamu wana mhenga wa pamoja, ambaye hakuwa sokwe wa leo wala binadamu, na tangu hapo kila upande umebadilika kwa njia yake. Ndivyo ilivyo pia kwa samaki na mijusi wanaotajwa katika makala haya. Walio hai leo ni jamaa, na baadhi yao wamehifadhi mambo ya kale ambayo kwa mtu yamegeuka sana.

Sehemu ya kale kuliko nyingi katika mifupa ya mtu ni uti wa mgongo. Katika miamba ya Chengjiang, kusini magharibi mwa China, yenye umri wa miaka takriban milioni 518, yamepatikana mabaki ya viumbe vidogo vya baharini vyenye urefu wa sentimita mbili au tatu hivi. Mmoja wao ni Haikouichthys. Hakuwa na taya wala mapezi ya pembeni mawili mawili, lakini alikuwa na kichwa chenye macho, na mgongoni mwake ulipita ufito laini wa kuukaza mwili, ambao wataalamu huuita notokodi. Ufito huo ulimwezesha kuogelea kwa kupinda huku na huku bila mwili kujikunja na kufupika.

Kila binadamu amewahi kuwa nao. Hujitokeza katika kiinitete kwenye wiki ya tatu ya mimba, na ndio unaoelekeza mahali pa kujengwa uti wa mgongo na uti wa neva. Pingili zikishaumbika, notokodi humezwa, lakini haitoweki yote. Masalia yake hubaki katikati ya kila diski inayotenganisha pingili mbili, yakiwa ute mzito unaopokea uzito wa mwili. Mtu anayeambiwa na daktari kwamba diski yake imechomoza na inabana neva, kwa kweli anaumwa na kiungo cha kiumbe cha baharini kilichopewa kazi ya kubeba mwili uliosimama wima. Mara nyingi shida hutokea kwenye diski mbili za chini kabisa za kiuno, ambako uzito ni mkubwa kuliko kwingine.

Hesabu ya pingili nayo ni ya urithi. Shingo ya mtu ina pingili saba, ya panya saba, na ya twiga, kwa urefu wake wote, ni saba. Karibu mamalia wote wana idadi hiyo. Wanaoikiuka ni wachache mno, kama wanyama wa Amerika wanaoitwa slothi na jamaa za nguva. Fundi anayebuni twiga kutoka mwanzo angempa pingili nyingi fupi ili shingo ikunjike vizuri. Twiga alirefusha zile alizorithi.

Baada ya uti wa mgongo huja koo. Katika wiki ya nne na ya tano ya mimba, pande mbili za shingo ya kiinitete cha mtu hujitokeza vifundo vilivyopangwa kwa safu, vinavyoitwa matao ya koo. Samaki naye anayo katika hatua hiyo, na kwake mengi hugeuka kuwa matamvua. Kwa mtu hayageuki kuwa matamvua wakati wowote, na kiinitete hakipumui majini. Jambo hili lafaa lisemwe wazi kwa sababu katika karne ya 19 Mjerumani Ernst Haeckel alifundisha kwamba kiinitete hupitia hatua za wahenga wake wakiwa wazima, samaki kwanza kisha mtambaazi, na michoro yake aliitia chumvi. Hapo alikosea. Aliyekuwa na haki ni Karl Ernst von Baer, aliyesema mapema zaidi kwamba viinitete vya wanyama wenye uti wa mgongo hufanana mwanzoni, kisha kila kimoja hushika njia yake. Von Baer aliandika kwamba aliwahi kuhifadhi viinitete viwili bila kuviandika majina, na baadaye akashindwa kabisa kujua kama ni vya mijusi, ndege au mamalia.

Kutoka tao la kwanza mtu hupata taya. Kutoka la pili hupata sehemu ya mfupa mdogo wa ulimi na misuli yote ya uso, ile inayotumika kucheka na kukunja kipaji. Matao ya nyuma hutoa gegedu za zoloto, yaani kisanduku cha sauti. Papa ana matao hayo hayo, ila yeye huyatumia kushika chakula na kupitisha maji.

Neva na mishipa ya damu ilifuata matao, na hapo ndipo mambo yalipopinda. Katika samaki, neva kubwa inayotoka kwenye ubongo hutuma tawi kwa kila tamvua, na kila tawi hupita nyuma ya mshipa wa damu wa tamvua hilo. Njia ni fupi na iliyonyooka. Kisha wanyama wa nchi kavu wakapata shingo. Moyo ukashuka kifuani, mishipa yake mikubwa ikashuka nao, na tawi moja la neva, lililokuwa nyuma ya mshipa uliokuwa ukishuka, likavutwa chini. Leo neva ya zoloto ya upande wa kushoto hutoka kichwani, hupita kando ya zoloto yenyewe bila kuigusa, huingia kifuani, huzunguka chini ya mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, halafu hupanda tena shingoni hadi kwenye zoloto. Ile ya kulia huzunguka mshipa wa juu zaidi, karibu na bega.

Madaktari wanaufahamu mzunguko huo vizuri. Mpasuaji anayetoa rovu kwenye shingo hutafuta neva hiyo kwa uangalifu mkubwa, kwa kuwa ikikatwa mgonjwa huamka na sauti iliyokwaruza au asiweze kusema sawasawa. Na mtu aliyepatwa na ukwaruzo wa sauti usioisha anaweza kupigwa picha ya kifua, kwa sababu uvimbe ulio ndani ya kifua unaweza kuibana neva ya sauti ikiwa katika safari yake isiyo ya lazima. Kwa twiga safari hiyo inazidi mita nne, ilhali kutoka ubongo hadi zoloto ni mwendo wa sentimita chache.

Habari ya mikono na miguu inajulikana kwa ukamilifu kuliko nyingi, na sehemu yake muhimu inaogelea hadi leo katika maji ya Afrika Mashariki. Wavuvi wa Ziwa Viktoria wanamjua kamongo, samaki mrefu mwenye mapezi manne membamba, anayekuja juu ya maji kila baada ya muda kuvuta hewa. Ana mapafu. Akizuiwa chini ya maji hufa kwa kukosa pumzi. Kiangazi kikikausha kinamasi hujichimbia topeni, hujifunika kwa ute unaokauka na kuwa ganda, na anaweza kukaa humo kwa miezi mingi mpaka mvua zirudi. Kila pezi lake limeungwa mwilini kwa mfupa mmoja tu, ambao ni sawa na mfupa wa juu wa mkono wa mtu. Kwa ukoo, kamongo yuko karibu zaidi na mtu kuliko alivyo karibu na sangara au sato wanaouzwa naye soko moja.

Mapafu, kwa hiyo, hayakuanza nchi kavu. Darwin mwenyewe alidhani yametokana na kibofu cha hewa kinachowasaidia samaki kuelea. Ushahidi wa sasa unaonyesha kinyume chake: samaki wenye mifupa wa kale walikuwa na mapafu ya kujisaidia katika maji yenye oksijeni kidogo, na ni kwa akina sangara ndipo yalipogeuka kuwa kibofu.

Jamaa mwingine ni silikanti. Wanasayansi waliamini ametoweka pamoja na dinosaria, hadi Desemba 1938 alipovuliwa mmoja karibu na East London, Afrika Kusini, na kutambuliwa na Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa jumba la makumbusho la mji huo. Baadaye wengine walipatikana Komoro, na tangu mwanzoni mwa karne hii wavuvi wa Tanzania wamewanasa mara nyingi, hata mwaka 2009 ikatengwa hifadhi ya bahari ya Tanga kwa ajili yake. Mapezi ya silikanti yana nyama na mfupa, naye huyachezesha kwa zamu, la kulia la mbele pamoja na la kushoto la nyuma, mtindo ule ule wa mnyama wa miguu minne anapotembea.

Kamongo na silikanti wanaonyesha mwanzo wa njia. Kilichokosekana kwa muda mrefu ni mnyama wa katikati, mwenye pezi linaloelekea kuwa mkono. Neil Shubin, Edward Daeschler na Farish Jenkins, wa Marekani, walimtafuta kwa hesabu. Miamba yenye umri wa miaka milioni 385 ilikuwa imetoa samaki tu. Ile ya milioni 365 ina wanyama wenye miguu. Basi yatakiwa miamba ya kati ya umri huo, iliyotokana na mchanga na tope la mito, na iliyo wazi bila msitu wala mji juu yake. Waliipata katika kisiwa cha Ellesmere, kaskazini kabisa mwa Kanada, mahali ambapo leo ni barafu lakini zamani hizo palikuwa karibu na ikweta. Walianza safari za kaskazini hiyo mwaka 1999, na mwaka 2004 wakamkuta mnyama wa umri wa miaka takriban milioni 375. Walimpa jina la Tiktaalik, kutoka lugha ya wenyeji wa huko.

Tiktaalik ana magamba na mapezi ya samaki. Lakini kichwa chake ni bapa chenye macho juu, na kimeachana na mifupa ya bega, kwa hiyo ana shingo na anaweza kugeuza kichwa bila kugeuza mwili. Ndani ya pezi lake la mbele umo mfupa mmoja, kisha miwili, kisha vijifupa vinavyokunjika pale penye kifundo cha mkono. Aliweza kujiinua kwa mikono kwenye maji ya kina kifupi. Haifai kumwita babu wa wanyama wote wa nchi kavu, kwa kuwa mwaka 2010 ilitangazwa kwamba huko Poland kuna nyayo za mnyama wa miguu minne zenye umri wa miaka milioni 390 hivi. Bora kumwona kama mmoja wa ukoo mpana wa samaki waliokuwa wakielekea huko, na uzuri wake ni kwamba alikutwa katika aina ya mwamba na umri uliotabiriwa.

Vidole vilikuja baada yake, na havikuwa vitano. Acanthostega wa Greenland, wa miaka kama milioni 365, alikuwa na vidole vinane kwenye mkono wa mbele, na Ichthyostega wa huko huko alikuwa na saba kwenye mguu wa nyuma. Vitano ndivyo vilivyobaki baadaye, na wengi wa wanyama wa nchi kavu wa leo wamejengwa juu ya hesabu hiyo au wameipunguza. Jeni zinakubaliana na mawe. Panya wa maabara wakizimiwa jeni fulani mbili za kupanga ncha ya kiungo hukosa vidole. Mwaka 2016 watafiti wa Chicago walizima jeni za kundi hilo hilo kwa samaki, na miale ya mapezi yao ikapungua vibaya. Vidole na ncha za mapezi vinasimamiwa na jeni za ukoo mmoja.

Masikioni kuna kisa cha ajabu zaidi, tena kwa maoni ya wataalamu wengi hakuna ushahidi wa mageuko uliokamilika kushinda huu. Sauti ikigonga kiwambo cha sikio la mtu, mtikisiko hupitishwa na vijifupa vitatu, nyundo, fuawe na kikuku, hadi ndani penye maji. Kikuku ndicho mfupa mdogo kuliko yote mwilini, kama milimita tatu. Mjusi ana kijifupa kimoja tu cha namna hiyo. Kwa upande mwingine, taya la chini la mtu ni mfupa mmoja kila upande, na la mjusi ni mifupa kadhaa. Mwaka 1837 Mjerumani Karl Reichert, akichunguza viinitete vya nguruwe na wanyama wengine, aliona kwamba nyundo na fuawe huanza kuumbika kwenye ncha ya taya, mahali pale pale ambapo mijusi wana mifupa miwili ya bawaba ya taya. Alihitimisha kwamba ni mifupa ile ile. Hayo aliyasema kabla ya kitabu cha Darwin kwa zaidi ya miaka 20.

Pingamizi lilikuwa dhahiri: mnyama angekulaje wakati bawaba ya taya lake inahama kwenda sikioni? Miamba ikajibu, na mingi ya kujibu iko Afrika. Katika bonde la mto Ruhuhu, kusini mwa Tanzania, mto unaomwaga maji Ziwa Nyasa, wamo wanyama waitwao sinodonti, walioishi zaidi ya miaka milioni 240 iliyopita. Visukuku vyao vilikusanywa huko katika miaka ya 1930, na mwaka 1955 Alfred Crompton wa Afrika Kusini aliwaeleza baadhi yao kwa kina. Meno yao yamegawanyika, ya mbele ya kukata na ya nyuma ya kusaga, na mfupa wa taya wenye meno umekua ukarudi nyuma, huku mifupa ya bawaba ikiwa imepungua sana. Bonde la Ruhuhu linastahili kutajwa mashuleni kwa heshima ile ile inayopewa Olduvai.

Hatua iliyofuata ilionekana kwa wanyama wadogo wa baadaye, kama Diarthrognathus wa kusini mwa Afrika na Morganucodon aliyepatikana kwanza Wales, wa miaka takriban milioni 200. Hao walikuwa na bawaba mbili kwa wakati mmoja, ya zamani na mpya, zikifanya kazi bega kwa bega. Kwa hiyo hakuna siku mnyama yeyote alipokaa bila bawaba. Mpya ilipobeba mzigo wote wa kutafuna, mifupa ya zamani, ambayo kwa ulaini wake ilikuwa ikipokea mitikisiko tayari, ilibaki na kazi ya kusikia tu. Mtoto wa oposamu, mnyama wa Amerika wa jamii ya kangaruu, huzaliwa vijifupa hivyo vikiwa bado vimeshikamana na taya, kisha huachana anapokua. Kijusi cha mtu hupita hatua kama hiyo: gegedu ya nyundo huwa imeungana na gegedu ya taya hadi inapokatika miezi ya baadaye. Anayeweka kidole mbele ya tundu la sikio na kufungua kinywa atahisi bawaba mpya ikicheza, sentimita chache tu kutoka ilipo ile ya kale.

Kwa ukoo huo huo, uliozaa mamalia, ndiko yalikotoka manyoya na maziwa. Tezi za maziwa ni tezi za ngozi zilizobadilika. Platipasi wa Australia, anayetaga mayai, hana chuchu, na mwanawe hulamba maziwa yanayochuruzika kwenye ngozi. Kiinitete cha mtu bado hujenga mfuko wa kiini cha yai usio na kiini ndani yake, ambao sasa hutumika kutengeneza chembe za kwanza za damu, na mwaka 2008 watafiti walionyesha kwamba jenomu ya binadamu ina mabaki yaliyokufa ya jeni za kutengeneza kiini cha yai. Manyoya nayo yamebaki haba, lakini misuli midogo ya kuyasimamisha ipo. Mtu akipigwa na baridi au hofu, malaika ya mkononi husimama. Sokwe akifanya hivyo huonekana mkubwa na wa kutisha, na paka hupata joto zaidi. Mtu hapati chochote.

Ugonjwa wa ngiri ni jambo zito zaidi. Kwa samaki, korodani ziko juu mwilini, karibu na ini. Kijusi cha kiume cha mtu huziumba juu vile vile, karibu na figo, kisha huzishusha polepole hadi zipite ukuta wa tumbo na kuingia mfukoni, kwa kawaida kabla ya kuzaliwa. Tembo hakuchukua njia hiyo. Zake hukaa ndani, karibu na figo, maisha yote. Kwa nini mamalia wengi walizishusha bado kunajadiliwa, ingawa inajulikana kwamba mbegu za mtu hutengenezeka vizuri katika joto la chini kidogo kuliko la tumboni. Gharama yake haina mjadala. Njia zilikopita hubaki sehemu dhaifu ya ukuta wa tumbo, na utumbo unaweza kupenya hapo, hasa kwa mtu anayebeba mizigo mizito au kukohoa kwa muda mrefu. Ndiyo maana ngiri ya kinena huwapata wanaume wengi mno kuliko wanawake.

Mkia nao una historia yake Afrika Mashariki. Kiinitete cha mtu cha wiki ya tano kina mkia unaoonekana, na kufikia wiki ya nane umekwisha kuyeyuka, ukiacha kifandugu, pingili ndogo tatu hadi tano zilizoungana chini ya mgongo. Nyani na kima wana mikia. Sokwe na binadamu hawana. Mabadiliko hayo yalikuwa yametokea tayari kwa Ekembo, mnyama wa miaka takriban milioni 18 anayejulikana kutokana na visukuku vya visiwa vya Rusinga na Mfangano, upande wa Kenya wa Ziwa Viktoria. Alitembea kwa miguu minne juu ya matawi kama kima, lakini mfupa wa mwisho wa mgongo wake unaonyesha hakuwa na mkia. Mwaka 2024 watafiti wa New York walitangaza kwamba sokwe na binadamu wana kipande cha DNA kilichojipenyeza ndani ya jeni iitwayo TBXT, kipande ambacho kima hawana. Panya waliofanyiwa mabadiliko ya kuiga hali hiyo walizaliwa na mkia mfupi au bila mkia, na baadhi yao wakawa na kasoro inayofanana na mgongo wazi wa watoto wachanga. Misuli iliyokuwa ikitikisa mkia haikutupwa: kwa mtu imetandazwa chini ya nyonga, inashikilia kibofu na mfuko wa uzazi visishuke.

Mabaki mengine ni madogo. Kwenye pembe ya jicho, upande wa pua, kipo kijinyama chekundu ambacho kwa kuku ni kope ya tatu inayofunika jicho zima. Kidole tumbo kilidhaniwa na Darwin kuwa masalia tu, lakini sasa inafahamika kwamba kina seli za kinga, na hili ni onyo zuri kwamba kilichopungua si lazima kiwe hakina kazi. Na mtu akigusanisha kidole gumba na kidole cha mwisho, kisha akakunja kifundo, huenda akaona ukano ukiinuka katikati ya mkono. Ukano huo ni wa msuli uliowafaa zaidi wanyama wanaotembea na kupanda kwa mikono. Baadhi ya watu huzaliwa bila huo na hawapungukiwi na nguvu yoyote ya maana.

Mabadiliko mengine makubwa yalikuwa kusimama. Kule Laetoli, kusini mwa Olduvai, kikosi cha Mary Leakey kilifukua mwaka 1978 nyayo zilizopigwa kwenye majivu ya volkano miaka milioni 3.66 iliyopita. Zinaendelea kwa takriban mita 27. Kisigino kimezama kwanza, na kidole gumba kimenyooka na wenzake badala ya kutanuka pembeni kama cha sokwe. Ubongo wa waliozipiga ulikuwa mdogo, kiasi cha theluthi ya wa leo. Kwa hiyo miguu ilitangulia na akili kubwa ikafuata, kinyume cha walivyodhani wataalamu wengi wa mwanzoni mwa karne ya 20.

Kusimama kulidai marekebisho ya vitu vilivyoumbwa kwa kazi nyingine. Nyonga ilifupika na kupanuka ikawa bakuli la kubebea matumbo. Mguu uliokuwa wa kushikia matawi ulikazwa kuwa wa kukanyagia, na vijifupa vyake 26 vyenye maungio mengi ndivyo vinavyoteguka kirahisi. Mgongo ulipinda kuingia ndani kiunoni ili kichwa na kifua vikae juu ya miguu. Mtoto mchanga hana upindo huo; huupata anapojifunza kukaa na kutembea.

Kisha ubongo ukakua, na kichwa cha mtoto kikalazimika kupita katika nyonga iliyokwisha kubadilishwa kwa ajili ya kutembea. Sokwe huzaa kwa nafasi. Kwa binadamu mtoto hujigeuza akiwa njiani, na mara nyingi hutoka uso ukielekea mgongo wa mama, hivyo mama akijivutia mwenyewe mtoto aliyekwama anaweza kumpinda shingo kinyume. Wanaanthropolojia Karen Rosenberg na Wenda Trevathan wameeleza kwamba hapo ndipo lilipoanza hitaji la mtu wa pili kumpokea mtoto. Karibu kila jamii ya binadamu inayojulikana ina wakunga.